Paneli Juu ya Paa, Koroboi Chini Yake: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua Sola

Tulikuwa Vitengeni, kaunti ndogo ya Ganze, kwa shughuli nyingine kabisa. Tulikwenda kupiga picha za kisima. Mama mmoja alikuwa ameona fulana zetu zenye nembo ya kaunti, akatuita kutoka ng'ambo ya njia.

"Mwanangu, nyinyi ndio watu wa sola?"

Nikamwambia hapana mama, sisi ni watu wa habari.

"Basi njoo uone habari."

Nyumba yake ni ya udongo, imeezekwa mabati. Juu ya mabati kuna paneli ndogo iliyofungwa vizuri, inang'aa. Ndani, ukutani, zinaning'inia taa tatu za sola, na redio iko juu ya meza. Chini ya taa hizo kulikuwa na koroboi, na ukuta uliokuwa nyuma ya koroboi ulikuwa umeshaanza kuwa mweusi. Sola ilikuwa imezimwa na kampuni kwa sababu malipo yalikatika. Mama alikuwa ameishi na paneli isiyofanya kazi kwa siku 58, na aliamini kwamba kila shilingi aliyokuwa amelipa imepotea.

Haikuwa imepotea. Lakini hilo tulilijua baada ya kukaa naye karibu saa nzima tukisoma karatasi zake, na ndiyo sababu ya makala haya. Tunapokea maswali mengi kuhusu sola katika mabaraza ya wadi, na mengi huwa ni kuhusu ni lini itakuja. Ukweli ni kwamba kwa familia nyingi zenye kipato kidogo sola imeshakuja, kwa mkopo, mlangoni, ikiletwa na kijana wa bodaboda. Swali lililobaki ni kama itaendelea kuwaka.

Jua si tatizo letu

Katika sensa ya 2019, asilimia 50.4 ya nyumba nchini Kenya zilitumia stima ya gridi kama mwanga mkuu, na asilimia 19.3 zilitumia sola. Kwa hivyo karibu nyumba moja kati ya tano ilikuwa tayari inawasha taa kwa jua, na hiyo ni kabla mafuta ya taa hayajapita shilingi 200 kwa lita, kama yalivyofanya Septemba 2023.

Kwetu Kilifi jua halina uhaba. Langobaya, upande wa Malindi, kuna shamba la sola la megawati 40 ambalo limekuwa likizalisha umeme tangu mwisho wa 2021. Wakaazi hutuuliza kwa nini umeme ule hauingii nyumba za jirani moja kwa moja. Jibu ni kwamba unaingia kwenye gridi ya taifa kwa nyaya za nguvu kubwa, na nyumba hupata umeme wa gridi kupitia transfoma na laini ndogo. Bila transfoma karibu, mtu anaweza kuishi chini ya waya mkubwa na bado alale gizani.

Na hapa niseme jambo ambalo wauza sola hawatakwambia. Kama nyumba yako iko ndani ya mita 600 za transfoma, uliza kwanza habari za stima. Chini ya mpango wa Last Mile ulioanza 2015, ada ya kuunganishwa ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Tangu Aprili 2023, anayetumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi huwekwa katika kundi la bei ya chini kabisa. Nyumba ya taa nne, redio na televisheni ndogo hutumia yuniti kama saba tu kwa mwezi. Kwa nyumba kama hiyo, iliyo karibu na transfoma, stima inaweza kuwa nafuu kuliko mkopo wa sola. Sola ni ya aliye mbali, au aliyechoka kungojea, au asiyeweza kupata 15,000 kwa wakati mmoja lakini anaweza kupata 40 kwa siku. Hao katika kaunti hii ni wengi, hasa Ganze na Magarini.

Hesabu ya mama wa Vitengeni

Yeye alichukua seti ya taa tatu, tochi na redio. Alitoa shilingi 2,000 kama malipo ya kwanza, kisha akatakiwa kulipa 40 kila siku kwa siku 420. Ukijumlisha inakuwa 18,800. Seti hiyo hiyo kwa fedha taslimu aliambiwa ni 12,500. Tofauti ya 6,300 ndiyo bei ya kupewa muda.

Je, alipunjwa? Mimi sioni hivyo, mradi aliambiwa jumla kabla ya kutia kidole. Kabla ya sola alikuwa akinunua mafuta ya taa ya shilingi 30 kila siku, yale ya kupimiwa kwa chupa ya soda, na kuchaji simu dukani mara mbili kwa wiki kwa shilingi 20 kila mara. Hiyo ni kama shilingi 36 kwa siku. Kwa hivyo sola ilimgharimu shilingi nne zaidi kwa siku kwa miezi kumi na minne, na baada ya hapo isingemgharimu chochote hadi betri ichoke. Ni biashara nzuri kwa mtu ambaye hakuwa na 12,500 mkononi, naye hakuwa nazo.

Shida ni kwamba hakuwahi kuambiwa jumla. Aliambiwa "arobaini kwa siku." Watu wengi huuziwa hivyo, kwa sababu arobaini ni maneno matamu. Wakala akija kwako, mwulize jumla hadi shilingi ya mwisho, na akuandikie. Asipotaka kuandika, mwache aende na bodaboda yake.

Jambo la pili lililomwangusha ni simu. Laini iliyosajiliwa ilikuwa ya mume wake. Mume akaugua, akalazwa Mombasa, akaenda na simu. Ujumbe wa kukumbusha malipo ukawa unaingia wodini, na mama huku Vitengeni anaona taa zimezimika tu. Hakuwa na namba ya akaunti, hakujua kwamba mtu yeyote anaweza kulipa kutoka simu yoyote akiwa nayo. Kwa siku 58 akarudi kwenye mafuta ya taa. Mafuta ya siku 58 kwa shilingi 30 ni 1,740, na fedha hizo zingelipia siku 43 za sola.

Tulipofungua mkataba (ulikuwa umehifadhiwa ndani ya mfuko wa sukari, pamoja na kadi za kliniki za watoto) tukakuta kifungu muhimu kuliko vyote: mteja akikaa siku 90 bila kulipa, kampuni inaweza kuja kuchukua vifaa, na malipo ya kwanza hayarudishwi. Alikuwa amebakiza siku 32. Alikuwa ameshalipa siku 284.

Kwa hivyo, ukichukua sola ya lipa mdogo mdogo, haya yajue kabla ya fundi kupanda juu ya paa. Jumla ni ngapi. Ukikosa kulipa, siku zako zinasimama zikungoje au zinaendelea kuhesabiwa. Baada ya siku ngapi wanaweza kuchukua kifaa. Kikiibwa, deni linabaki kwako au la. Kikiharibika katikati ya mkopo, unaendelea kulipa huku kiko kwa fundi, au siku zinasimama. Dhamana ni ya miaka mingapi, na je, inahusu betri au paneli peke yake? Mara nyingi paneli hupewa dhamana ndefu na betri fupi, na betri ndiyo hufa mapema. Mwisho, namba ya akaunti iandikwe mahali ambapo kila mtu mzima nyumbani anaweza kuiona. Mama sasa ameiandika kwa mkaa nyuma ya mlango.

Wati ngapi zinakutosha

Kosa la kawaida ni kununua kwa kuangalia cha jirani. Anza na vitu vyako. Kila kifaa kina wati zake, zimeandikwa nyuma au kwenye boksi. Zidisha wati kwa saa unazokitumia kwa siku, upate wati-saa.

Chukua nyumba ya taa nne za wati tano, zinazowaka saa tano kila usiku: hiyo ni 100. Redio ya wati tano kwa saa sita ni 30. Simu mbili, tuseme 20 kwa jumla. Televisheni ndogo ya sola ya wati 20 kwa saa nne ni 80. Jumla ni wati-saa 230 kwa siku.

Paneli nayo hupata jua kali la kuhesabika kama saa tano kwa siku katika pwani yetu, ukiondoa siku za masika. Nguvu nyingine hupotea kwenye joto, vumbi, waya na betri, kwa hivyo hesabu asilimia 70 tu ya kinachoandikwa. Paneli ya wati 80 kwa saa tano ni 400, na asilimia 70 yake ni 280. Inatosha 230 na kubakisha kidogo. Paneli ya wati 50 ingetoa 175, na televisheni ingezima katikati ya taarifa ya habari kila jioni.

Sasa weka pasi ya umeme ya wati 1,000 katika hesabu hiyo. Saa moja ya pasi ni wati-saa 1,000, zaidi ya matumizi ya siku nne ya nyumba nzima tuliyoitaja. Birika la umeme ni vilevile, au zaidi. Ndiyo maana muuzaji akikwambia seti ya 20,000 itapiga pasi na kupika, ujue anauza maneno. Kupika kwa sola kunawezekana, lakini kwa mtambo ambao bei yake ni ya mtu mwingine. Kwa nyumba ya kipato kidogo, taa, simu, redio na pengine televisheni na feni ndogo ndiyo mipaka, na si mipaka mibaya. Mtoto anayesoma usiku hahitaji birika.

Paneli niliyoinunua mwenyewe

Nina digrii ya uandishi wa habari na nilidanganywa mchana kweupe, kwa hivyo mtu asione haya. Miaka michache iliyopita nilimnunulia mama yangu paneli katika duka moja mjini, imeandikwa wati 100, kwa bei iliyonifurahisha mno. Niliibeba kwapani ndani ya matatu. Hapo ndipo ningeshtuka.

Fundi alipokuja aliitazama akacheka. Akachukua futi akapima: sentimita 60 kwa 40. Kisha akanifundisha kipimo ambacho nakikabidhi kwa wasomaji wa jarida hili. Jua la saa sita mchana huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri ya kawaida hugeuza kama sehemu moja ya tano tu kuwa umeme. Kwa hivyo zidisha urefu kwa upana kwa mita, kisha zidisha kwa 200. Jibu ni wati ambazo paneli hiyo inaweza kukaribia. Yangu ilikuwa 0.6 kwa 0.4, yaani 0.24, mara 200: wati 48. Alipoweka mita juani mchana, ikatoa 38. Paneli ya kweli ya wati 100 ina ukubwa wa karibu nusu mita ya mraba, yaani kama mita moja kwa nusu mita, na haibebwi kwapani kwa raha.

Nendeni dukani na futi. Muuzaji mwaminifu hatachukia.

Alama ya ubora nayo iangalie. Bidhaa za humu nchini zilizopita kwa KEBS huwa na alama yenye namba ya kibali, na unaweza kuihakiki kwa kutuma herufi SM, alama ya #, kisha namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Kisha dai risiti yenye jina la duka, aina ya kifaa na wati zake. Mimi sikuchukua risiti. Niliporudi, duka lilinikana, na sikuwa na la kuonyesha.

Fundi pia ana leseni yake. Kwa mujibu wa kanuni za sola za 2012, anayefunga mitambo ya sola anapaswa kuwa na leseni ya mamlaka ya nishati, ambayo sasa ni EPRA. Ngazi ya kwanza, T1, ni ya mitambo midogo ya nyumba, halafu kuna T2 na T3 kwa mikubwa zaidi. Kumwuliza fundi leseni si kumkosea heshima. Vijana wetu waliosoma kazi za umeme katika vyuo vya ufundi vya kaunti nao wajue kwamba leseni hiyo ni mlango wa riziki.

Betri ndiyo moyo

Paneli hudumu miaka 20 na zaidi. Taa za LED hudumu miaka mingi. Betri ndiyo inayougua, na sola "iliyokufa" ukiichunguza, mara nyingi ni betri iliyokufa.

Betri za asidi ni nafuu kununua, lakini hazipendi kukamuliwa. Ukizoea kuitumia zaidi ya nusu ya chaji yake kila usiku, itachoka ndani ya miaka miwili au hata mapema. Kwa nyumba yetu ya wati-saa 230, unahitaji betri yenye angalau mara mbili ya hizo, yaani 460. Gawanya kwa volti 12 upate ampea-saa kama 38, kisha ongeza kwa ajili ya siku za mawingu. Ya 50 inafaa na ya 75 inafaa zaidi. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti inaweza kutumiwa hadi asilimia 80 bila kuumia, hivyo ndogo yake inatosha, na hudumu miaka mitano na zaidi. Bei yake ya kuanzia ni kubwa. Ukigawanya kwa miaka, mara nyingi ndiyo rahisi.

Betri ya gari si ya sola. Najua iko kila kona na najua fundi wa mtaa atakwambia ni sawa tu. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe mara moja. Ukiiachia taa usiku kucha, utaizika kabla ya mwaka.

Usiunganishe vitu moja kwa moja kwenye betri ukikwepa kontrola, kile kijisanduku kinachosimama kati ya paneli, betri na taa. Kazi yake ni kuzima betri kabla haijakauka na kuzuia isichajiwe kupita kiasi. Wengi huichukia kwa sababu "inazima taa mapema." Inazima ili kesho ziwake.

Na betri ikifa, asidi yake isimwagwe uani wala risasi isiyeyushwe na watoto kutengeneza vizito vya nyavu. Tumeliona hilo sehemu za ufuoni. Risasi ni sumu inayodumaza akili za watoto. Rudisha betri mahali ulipoinunua. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inawapa wanaoingiza na kuuza bidhaa wajibu wa kushughulikia masalio yake, na wauza betri wengi hununua kuukuu.

Makuti, chumvi na mwembe wa babu

Paa la makuti halifai kubeba paneli. Hutikisika, huoza, na cheche moja ya waya uliolegea inatosha kuteketeza nyumba. Chimbia nguzo uani, mahali penye jua, ufunge paneli juu yake kwa kimo ambacho mbuzi hapandi. Waya uendao ndani usiwe mrefu kupita kiasi, kwa sababu umeme wa volti 12 hupotea njiani, na uwe na fyuzi karibu na betri.

Kwenye mabati, acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya bati na paneli ili hewa ipite. Paneli inapenda mwanga na inachukia joto: kadiri inavyopata moto, ndivyo umeme unavyopungua. Ilaze kwa mteremko kidogo kuelekea kaskazini, kwa kuwa sisi tuko kusini kidogo mwa ikweta. Faida kubwa ya mteremko ni kwamba mvua huosha vumbi na vinyesi vya kunguru. Kiangazi mvua isipokuja, panda na kitambaa chenye maji asubuhi, kabla haijapata moto.

Kivuli ni adui asiyeonekana. Jani moja la mnazi likifunika kona ya paneli linaweza kupunguza umeme wa paneli nzima, kwa sababu vipande vya ndani vimeunganishwa kama mnyororo. Tazama uani saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa kabla ya kuchagua mahali. Nimewahi kuona paneli iliyofungwa vizuri kabisa chini ya mwembe wa babu, na familia inalaumu kampuni.

Kwa walio karibu na bahari, Takaungu, Watamu, Ngomeni na kwingineko, chumvi hula viungo vya waya. Paka mafuta mazito ya kupaka kwenye viungo na utumie misumari na skrubu zisizoshika kutu.

Wapangaji, na nyumba za ghorofa za bei nafuu

Anayekaa chumba cha kupanga Mtwapa au Mariakani hana paa la kwake. Kwake yeye, nunua kifaa kinachohamishika: taa yenye paneli ndogo inayoanikwa dirishani au uani mchana na kuingizwa jioni. Kabla ya kufunga chochote cha kudumu, andikiana na mwenye nyumba ni cha nani mkataba ukiisha. Tumepata ugomvi wa aina hiyo ukifikishwa hadi kwa chifu.

Nyumba za bei nafuu za ghorofa ni hesabu nyingine. Wafanyakazi wote wenye mshahara sasa hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya mpango huo chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho, kwa hivyo ni haki ya mkaazi kuuliza zitakuwaje. Paa la jengo la ghorofa tano ni dogo ukiligawa kwa familia zote zilizo chini yake. Halitoshi kila mtu awe na paneli zake. Linatosha taa za ngazi, taa za nje na sehemu kubwa ya kazi ya pampu ya maji, kwa kuwa pampu inaweza kufanya kazi mchana na kujaza tangi bila kuhitaji betri. Hizo ndizo gharama zinazogawanywa kwa wote kila mwezi, na zikipungua, familia yenye kipato kidogo hupata nafuu hata kama haina paneli ya jina lake.

Paa hilo ni mali ya pamoja. Kwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya 2020, mali ya pamoja husimamiwa na shirika la wenye nyumba wa jengo. Mtu mmoja hawezi kupanda na kufunga atakavyo. Ukipata nyumba kama hiyo, hudhuria mkutano wa kwanza, na uulize kama paa lilijengwa kuhimili uzito wa paneli na kama mabomba ya nyaya yaliachwa ukutani. Ikiwa ujenzi bado, ni rahisi. Kubomoa baadaye ni ghali.

Kaunti inahusika vipi

Katiba, katika Jedwali la Nne, inaipa kaunti jukumu la mipango, ikiwemo usambazaji wa umeme na gesi. Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wake wa nishati. Serikali ya kitaifa nayo ina mradi wa KOSAP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kwa dola milioni 150 kuanzia 2017, kwa kaunti 14 zilizo mbali na gridi. Kilifi ni mojawapo, pamoja na majirani zetu Kwale, Tana River na Taita Taveta, na pia Lamu. Mradi huo una gridi ndogo za vijiji, vifaa vya nyumbani, na sola kwa zahanati na visima.

Kaunti haiuzi paneli wala haikusanyi malipo ya kwanza mlangoni. Mtu akija na beji akisema ametumwa na kaunti kuandikisha watu wa sola ya bure kwa ada ndogo ya fomu, mpeleke kwa msimamizi wa wadi.

Ikiwa kijiji chako kinataka taa za zahanati au pampu ya sola, mahali pa kusema ni kwenye vikao vya umma vya bajeti. Karatasi ya mkakati wa fedha ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Baada ya tarehe hizo kuongeza kitu ni vigumu, hata kama hoja ni nzuri. Njoo na jina la kituo, wadi na idadi ya watu wanaokitegemea. Maombi yaliyoandikwa hivyo ni rahisi kufuatilia kuliko makofi.

Tukarudi kwa mama

Tulimpigia wakala wa huduma namba iliyokuwa nyuma ya kadi. Binti aliyepokea alisema malipo yoyote yakiingia, hesabu ya siku 90 inaanza upya, na siku 284 zilizolipwa ziko pale pale. Mama akanyamaza. Kisha akaingia ndani, akarudi na noti ya mia mbili na sarafu, 280 kwa jumla, ambazo zilikuwa za unga. Nikamwuliza kama hawezi kungoja wiki ijayo, maana bado alikuwa na siku 32.

"Kijana wangu wa darasa la nane ana mtihani, mwanangu. Unga nitakopa."

Jirani mwenye simu akalipa kwa namba ya akaunti. Dakika chache baadaye taa ya jikoni ikawaka mchana, maana swichi yake ilikuwa imeachwa wazi tangu siku ilipozimika. Mama akaenda kuizima ili betri ijae kwanza. Siku zilizobaki ni 129.